Mwenye Nyumba ya Wageni Ameshika Pasipoti Zetu, na Mama Anataka Tubaki

BARUA

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamke wa Mombasa, mwenye umri wa miaka 31, na ninakuandikia kutoka Chennai, kusini mwa India, ambako nimemleta mama kwa upasuaji wa uti wa mgongo. Upasuaji, namshukuru Mungu, ulikwenda salama. Madaktari wamekwisha kumtoa wodini, lakini wanataka ahudhurie mazoezi ya viungo kila asubuhi kwa majuma kadhaa kabla hawajamruhusu kupanda ndege. Kwa kuwa fedha tulizochangiwa na jamaa zimepungua sana, tulipanga chumba katika nyumba ndogo ya wageni iliyo karibu na hospitali, eneo la Thousand Lights, inayoendeshwa na mume na mke wanaoishi humo humo pamoja na watoto wao na mama mzazi wa mume, ambaye kila mtu katika nyumba ile, na sasa hata sisi, humwita Amma.

Chumba chetu ni cha chini, kimepakana na baraza, nacho ni safi. Tunalipa rupia 1,200 kwa usiku, na tulitakiwa kutanguliza malipo ya majuma mawili. Kuhusu wema wa watu hawa sina la kusema. Siku mama alipotoka hospitali, mwenye nyumba aliacha shughuli zake akaja kunisaidia kumtoa kwenye teksi na kumfikisha kitandani, na mkewe hutuletea uji mwepesi wa wali na dengu bila kututoza kitu. Kila alfajiri Amma huinama mbele ya kizingiti akachora maua kwa unga wa mchele, akiuachia unga uchuruzike kati ya vidole viwili, mstari kwa mstari, na mama, ambaye yeye amekatazwa kuinama, huomba nimtoe nje kwa kiti chake ili amtazame mpaka amalize. Hawana lugha hata moja ya kuelewana, lakini jioni hukaa barazani pamoja mpaka adhana ya magharibi.

Hata hivyo nimechoka, Shangazi. Usiku tuliowasili, mwenye nyumba alichukua pasipoti zetu zote mbili akisema ni kwa ajili ya fomu ya polisi, na mpaka leo hajazirudisha. Nilipomuuliza alinijibu kwamba ziko salama kabatini na kwamba tutazipata siku ya kuondoka. Tena nyumba hii haili nyama, samaki wala mayai. Tuliambiwa hivyo mapema, na hata jikoni la wageni lina tangazo ukutani, nami nikakubali. Lakini juma lililopita mama alitamani samaki, nikaagiza kwa simu mkahawa utuletee wa kukaanga, na mke wa mwenye nyumba akamzuia kijana wa kuleta chakula pale pale getini. Ikanibidi nimsukume mama kwa kiti cha magurudumu hadi kwenye benchi la nje ya duka la dawa, akala samaki wake hapo huku wapita njia wakimtazama.

Geti hufungwa kwa kufuli saa nne usiku. Kijana mmoja wa Kisumu anayesoma chuo hapa, ambaye amekuwa mkono wetu wa kulia katika kila jambo, hakuruhusiwa kuingia chumbani hata mama akiwemo. Aliambiwa aishie barazani. Amma naye huingia kwetu bila hodi, akaketi kitandani, akaniuliza kwa Kiingereza chake cha maneno machache napata mshahara kiasi gani, hospitali imetutoza ngapi, na kwa nini sijaolewa.

Kaka yangu aliyeko Nairobi anasema nihame leo, niende kwenye fleti za kupangisha zenye lifti na jiko la peke yetu, ambazo bei yake ni zaidi ya mara mbili ya hii. Mama hataki kusikia habari hiyo. Juu ya yote, viza zetu za matibabu za siku 60 zinakaribia mwisho, na hospitali imesema itatupa barua ya kuombea nyongeza. Je, nihame au nibaki? Na pasipoti nitazidai vipi bila kumvunjia heshima mtu aliyemsaidia mama yangu namna ile?

Wako,
Muuguzaji wa Mombasa

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kuuguza katika nchi ya watu, na umfikishie mama pole yangu.

Naanza na pasipoti, kwa sababu mambo mengine yote uliyoyataja yanaweza kungoja lakini hilo haliwezi. Sheria ya India inamtaka kila anayempa raia wa kigeni malazi, awe mwenye hoteli kubwa, mwenye nyumba ndogo ya wageni au hata mtu wa kawaida aliyemkaribisha jamaa yake, apeleke taarifa za mgeni huyo kwa ofisi ya serikali ya kuandikisha wageni, ambayo kule hujulikana kwa kifupi chake cha FRRO, katika muda wa saa 24 tangu mgeni awasili. Taarifa hizo hujazwa mtandaoni katika fomu iliyozoeleka kwa jina la Fomu C, pamoja na habari za pasipoti, viza, ulikotoka na unakotarajia kwenda. Kwa hiyo mwenyeji wako alikuambia kweli alipotaja fomu, na kwa kweli wenye nyumba wengi wa bei nafuu huwakataa wageni wa nje mlangoni kwa sababu tu hawataki kujitwika mzigo huo. Kwamba huyu aliwapokea na akataka pasipoti usiku ule ule ni dalili ya mtu anayefuata utaratibu.

Lakini fomu ile hukamilika kwa kuiona pasipoti na kuchukua nakala zake. Hakuna kifungu kinachomtaka mwenye nyumba aiweke kabatini mpaka siku ya kuondoka. Pasipoti ya Kenya ni mali ya Serikali ya Kenya, wewe umekabidhiwa uitumie, na katika nchi ya kigeni utaihitaji unapobadilisha fedha, unaposajili laini ya simu na, zaidi ya yote, unapoomba nyongeza ya viza. Nadhani mwenyeji wako ana hofu mbili za kawaida za watu wa biashara yake, kwamba mgeni atatoroka na deni, au kwamba polisi watakuja kukagua naye asiwe na cha kuwaonyesha. Hofu ya kwanza umekwisha kuituliza kwa malipo ya awali. Ya pili utaituliza kwa karatasi.

Nenda kwenye duka la fotokopi asubuhi, au umtume yule kijana wa Kisumu kama una pasipoti zilizopigwa picha kwenye simu, utoe nakala za rangi za ukurasa wa picha, wa viza na wa mhuri wa kuingilia nchini, kwa ajili yako na mama. Kama huna picha hizo, mwombe mwenye nyumba mwende dukani pamoja na pasipoti zenyewe. Kisha zungumza naye mchana, mkewe akiwepo, Amma akiwa hayupo, kwa kuwa mwanamume akiulizwa jambo la namna hii mbele ya mama yake atatetea heshima yake kwanza na kusikiliza baadaye. Mwambie hivi: “Bwana, hospitali inatupa barua ya kuongeza viza. Ombi hujazwa mtandaoni kwa pasipoti zetu wenyewe, na ninazihitaji leo. Nimekuletea nakala kamili, nimezitia saini, zikae kwako. Naomba pia nakala ya Fomu C uliyotuandikishia.” Maneno hayo ni ya kweli yote, hayana lawama, na hayahitaji kisingizio.

Sentensi ile ya mwisho uliyosoma usiiache. Maombi ya nyongeza hupitia kwenye mfumo wa mtandaoni wa e-FRRO, na miongoni mwa viambatisho vinavyotakiwa ni barua ya hospitali na ushahidi wa mahali unapoishi, ambao kwa mtu aliyepanga nyumba ya wageni ni Fomu C hiyo hiyo. Ikiwa aliijaza, utakuwa umepata karatasi unayoihitaji. Ikiwa hakuijaza, ni heri ulijue hilo leo kuliko kuligundua viza ikiwa imebakiwa na siku mbili, kwa maana anayepitisha muda wa viza India huweza kutozwa faini na kutakiwa kuomba kibali cha kutoka kabla hajaruhusiwa kwenye ndege, na mgonjwa wa mgongo si mtu wa kuzungushwa maofisini.

Hapa pia ndipo ninapotofautiana na kaka yako. Ukihama sasa, mwenye fleti mpya atalazimika kujaza Fomu C nyingine, na anwani utakayoiandika kwenye ombi la nyongeza itabidi ilingane na hiyo mpya. Si jambo lisilowezekana, lakini kuhama wakati ombi limekwisha kupelekwa ni kujitafutia maswali. Kama ni lazima uhame, hama kabla ya kupeleka ombi.

Sasa nije kwenye samaki, ambao naona ndio waliokuumiza zaidi ya pasipoti. Wizara ya Utalii ya India ina mpango wa kuzitambua nyumba za familia zinazopokea wageni, na masharti yake mawili makubwa ni kwamba mwenye nyumba aishi humo pamoja na familia yake, na kwamba vyumba vya kupangisha visizidi sita. Iwe nyumba yenu imo katika mpango huo au haimo, ni ya aina hiyo hiyo. Hakuna mpokezi, hakuna mlinzi wa zamu, hakuna mpishi aliyeajiriwa. Kuna baba, mama, watoto na bibi. Ndiyo maana unalipa rupia 1,200. Na ndiyo maana unaishi ndani ya dini yao, saa zao za kulala na udadisi wa bibi yao. Fikiria mgeni aliyepanga chumba kwa familia ya Kiislamu ya Mji wa Kale, analipa vizuri, ana adabu, halafu siku moja kijana wa pikipiki anabisha geti akiwa na nyama ya nguruwe aliyoagiza. Sidhani kama mama yako angemruhusu apite, hata kwa ahadi kwamba italiwa chumbani na mlango umefungwa. Umekulia mji wenye hekalu la Wajaini, watu ambao dini yao huwakataza nyama, pale barabara ya Langoni, na bila shaka umewahi kuwa na jirani au mwalimu wa Kigujarati asiyegusa hata yai, kwa hiyo jambo hili si geni kwako. Ni uchovu tu umelifanya lionekane geni.

Hata hivyo nakupa haki nusu. Tangazo la jikoni linazungumzia jikoni. Kama sharti lao ni kwamba hata chakula kilichopikwa nje kisivuke geti, walipaswa kuwaambia hivyo siku ya kwanza, wala wasingoje mpaka mgonjwa awe na sahani iliyozuiwa njiani. Unaweza kumwambia mke wa mwenye nyumba hivyo kwa upole, na kumuuliza ikiwa kuna pembe yoyote ya ua, nje ya paa la nyumba, ambako wageni huruhusiwa kula chakula chao kwa vyombo vya kutupa. Baadhi ya familia hukubali, nyingine hukataa kabisa. Jibu lolote atakalokupa lipokee bila kubishana.

Mama hatakosa samaki kwa sababu hiyo. Chennai ni mji wa pwani kama wa kwenu, uko kwenye Ghuba ya Bengali, na wakazi wake wengi ni walaji wakubwa wa samaki. Familia ya wenyeji wako imeangukia upande wa wachache. Samaki wanayemthamini sana na kumkaanga kwa viungo vyekundu humwita vanjaram, naye ni nguru yule yule mnayemjua. Mtaa wa Triplicane, wenye Msikiti wa Wallajah uliojengwa mwaka 1795 na mikahawa mingi ya Waislamu, uko mwendo mfupi wa tuktuk kutoka Thousand Lights. Lakini usimpandishe mama kwenye tuktuk kabla daktari hajakubali, kwa sababu mishtuko ya barabarani si ya mgongo ulioshonwa juzi. Nenda wewe, au umtume kijana wa Kisumu, na mpange mlo huo uliwe kwenye mkahawa au ua wa hospitali mara baada ya mazoezi ya asubuhi, mahali penye meza na kivuli, msirudie tena benchi la duka la dawa. Siku nyingine zote muulize mtaalamu wa lishe wa hospitali kama dengu, maharagwe, mtindi na ile jibini laini iitwayo paneer vinamtosheleza mtu anayepona upasuaji, ili usiendelee kuhesabu kila siku isiyo na samaki kuwa siku ya njaa.

Kuhusu geti, sioni kosa lao kulifunga saa nne usiku, kwa kuwa nyumba yenye watoto na mzee hufungwa. Kosa ni kwamba hukunitajia ufunguo. Mgonjwa aliyetoka kupasuliwa mgongo anaweza kupata homa au ganzi ya miguu saa nane usiku, na huwezi kuwa unagonga milango ya watu waliolala. Waombe wakuonyeshe mahali ufunguo wa dharura unapokaa, au wakupe namba ya simu itakayopokelewa usiku, na uwaeleze wazi kwamba ni kwa ajili ya hospitali tu. Katika jimbo la Tamil Nadu gari la wagonjwa huitwa kwa namba 108. Iandike ukutani karibu na kitanda, na ujue anwani ya nyumba kwa jinsi inavyotamkwa na wenyeji. Huyo kijana wa Kisumu mtambulishe kwa wenyeji wako kwa jina lake, waonyeshe kitambulisho chake cha chuo, na uombe aruhusiwe kuingia pale tu mama anapohitaji kuinuliwa. Mazungumzo mengine yabaki barazani, ambako sisi wa pwani hatuhitaji kufundishwa matumizi yake.

Amma nisingemnyang'anya mama. Wewe weka komeo saa mama anapopumzika na saa unapobadilisha nguo, ukimweleza mkwewe kwamba daktari ameamuru usingizi wa mchana, na saa nyingine mlango uwe wazi. Maswali ya mshahara na ndoa, katika nyumba nyingi za huko, huulizwa kwa wepesi ule ule ambao sisi tunauliza habari za wazee, na hayakudai tarakimu. “Namshukuru Mungu, yatosha,” ni jibu kamili. Gharama za hospitali usizitaje kwa mtu yeyote mtaani, hata kwa mwenye nia njema, kwa kuwa karibu na hospitali kubwa hakukosekani madalali wanaoishi kwa habari za wagonjwa wa kigeni.

Uji wa bure usiugeuze deni moyoni, wala usilipe kwa noti. Nunua matunda umpelekee Amma. Asumini, ambazo Chennai huuzwa zikiwa zimeshonwa kwenye uzi na kupimwa kwa dhiraa, mpelekee mke wa mwenye nyumba avae kichwani. Nimetenganisha zawadi hizo kwa makusudi, kwa sababu katika barua yako hukumtaja mume wa Amma, na kwa desturi za zamani za watu hao mjane havai maua.

Katika fedha, omba risiti yenye tarehe kwa kila malipo, ukianza na yale ya awali, na uulize sasa, mkiwa katika hali ya maelewano, ni kiasi gani kitarudishwa mkiondoka kabla ya wakati na kama umeme wa kiyoyozi unahesabiwa kando. Ukiona GST, yaani kodi ya bidhaa na huduma, imeongezwa kwenye hesabu, omba namba ya usajili iandikwe kwenye risiti, maana biashara ya huduma ambayo mauzo yake hayafiki rupia milioni 2 kwa mwaka kwa kawaida hailazimiki kusajiliwa, na nyumba ndogo nyingi haziufikii mpaka huo.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba ubaki. Chumba kiko chini, hospitali iko karibu, kuna mikono ya kumwinua mama, na kuna mtu wa rika lake wa kuketi naye jioni, jambo ambalo fleti yenye lifti haitampa. Kaka yako mwambie hivi: tofauti ya bei aliyokuwa tayari kuilipa aitume, ili iwe akiba ya nauli za teksi na ya siku ambazo madaktari wataongeza.

Sharti langu ni moja. Kama mwenye nyumba, baada ya kupewa nakala na kuelezwa mbele ya mkewe, bado atakataa kurudisha pasipoti, nenda kesho yake kwenye ofisi ya wagonjwa wa kimataifa ya hospitali, uwaombe wampigie simu, kwa kuwa nyumba za mitaa hiyo huishi kwa wagonjwa wao na hakuna mwenye nyumba anayependa kuharibu jina lake kwao. Hilo lisipofaa, kituo cha polisi kinafuata, na Ubalozi wa Kenya ulioko New Delhi upewe taarifa kwa barua pepe siku hiyo hiyo. Ukishazipata kwa njia hiyo, hamisha mizigo kabla ya kupeleka ombi la viza, hata kama mama atanuna.